Kubadili globu za taa za mbele: mwanga kwanza, weupe baadaye

Kijana wa duka la spea kule Gerezani aliweka boksi juu ya kaunta akasema, “Hizi ni elfu nane, mkuu.” Nikaingiza mkono mfukoni nikidhani ananitajia bei. Akacheka. Elfu nane zilikuwa kelvini. Bei ilikuwa juu ya hapo kwa mbali. Nikanunua hivyo hivyo, maana Toyota IST yangu ilikuwa inawaka kama kibatari na kila gari lililonipita usiku pale Mwenge lilikuwa na taa nyeupe kama tui.

Wiki tatu nilijiona. Nikiegesha nyumbani ukuta wote unameta bluu, jirani anauliza nimezipata wapi. Kisha nikawa narudi kutoka Morogoro usiku wa masika. Chalinze nimepita kukiwa kukavu, Vigwaza mvua ikashuka. Nikawasha fuli (taa za mbali), nikazima, nikawasha tena, kuhakikisha kama taa zipo. Zilikuwepo. Matone ya mvua niliyaona moja moja, yanang'aa kabisa. Lami ndiyo sikuiona. Nilijibanza nyuma ya lori la kontena nikafuata taa zake nyekundu hadi Kibaha, na dereva wa lori lile hajui mpaka leo kwamba alinifikisha nyumbani.

Ninayoandika hapa nimeyajua baada ya usiku ule, mengine kwa kuharibu kwanza.

Kabla hujatoa hela: kelvini si lumeni

Kelvini ni rangi ya mwanga. Namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikipanda unakuwa mweupe, ikizidi kupanda unakwenda kwenye bluu. Globu ya kawaida ya halojeni ipo kwenye 3200 hivi. Lumeni ndizo zinazohesabu kiasi cha mwanga wenyewe. Maboksi mengi huandika kelvini kwa herufi kubwa mbele, na lumeni ama hazipo kabisa ama zimeandikwa uongo.

Globu ya halojeni haigeuki kuwa nyeupe kwa uchawi. Njia wanayotumia zaidi ni kupaka kioo chake rangi ya bluu. Rangi ile haiongezi chochote. Inazuia sehemu ya manjano na nyekundu isitoke, na kinachobaki ndicho unachokiita weupe. Maana yake ule mwanga uliozuiwa umeulipia umeme na haufiki barabarani. Ili kufidia, watengenezaji wengine huichoma filamenti (ule uzi wa ndani unaowaka) kwa joto kali zaidi, na globu inakufa mapema. Kwa hiyo unalipa zaidi, unaona kidogo, na unabadili mara nyingi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za globu za magari zinaitaka H4, aina ya globu yenye fuli na dimu pamoja, ya wati 60/55 itoe lumeni 1650 kwenye fuli na 1000 kwenye dimu (taa ya karibu), ikipimwa kwenye volti 13.2. Tofauti inayoruhusiwa ina mpaka wake. Aina nyingine, H7 ni 1500, H11 ni 1350. Zenoni (taa ya gesi, isiyo na filamenti) ya kiwandani ya aina ya D2S inatoa 3200 kwa wati 35 tu. Sasa tazama jambo moja: hiyo zenoni, taa ambayo kila mwenye gari dogo anaitamani, rangi yake ni kelvini 4300 hivi. Nyeupe yenye umanjano wa mbali. Waliotengeneza magari ya bei mbaya hawakuchagua 8000, na si kwamba walikosa pesa ya rangi ya bluu.

Kuna wanaosema taa ya manjano “inapenya” mvua na ukungu. Hilo limekuzwa. Matone ya ukungu ni makubwa kiasi kwamba yanatawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachotokea ni kwamba mwanga wenye bluu nyingi unaumiza macho zaidi, ya kwako ukirudishiwa na matone, na ya mwenzako anayekuja mbele. Halafu lami ikilowa inakuwa kioo: mwanga wako unateleza mbele badala ya kukurudia, barabara inageuka nyeusi. Na sisi tuna vumbi jekundu, mashimo ya rangi ya udongo, watembea kwa miguu wenye nguo za giza. Mwanga usio na wekundu ndani yake unavifanya vyote hivyo kuwa kijivu kimoja.

Mimi nimeishia kwenye mpaka huu: 3200 hadi 4300, basi. Ukitaka weupe kwa ajili ya sura, weka kwenye taa za parking, pale hakuna anayetegemea kuona kitu.

Hatua ya kwanza: angalia nani anakuibia mwanga

Nusu ya watu wanaokwenda Kariakoo kununua globu hawahitaji globu. Gari la Kijapani likishafika hapa na miaka kumi na tano mgongoni, kioo cha taa (ambacho ni plastiki, polikaboneti) kimeshaunguzwa na jua mpaka kimekuwa cha manjano na ukungu. Ukiweka globu ya namna yoyote nyuma ya kioo hicho, mwanga utatawanyika hapo hapo na kuishia kwenye macho ya wengine.

Kusafisha ni kazi ya asubuhi moja. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka taa ili usikwaruze rangi ya bodi. Chukua msasa wa maji namba 800 au 1000, lowesha kioo na msasa wenyewe, sugua kwa mwelekeo mmoja. Maji yatakayotoka yatakuwa ya manjano kama ya kuoshea manjano ya pilau, na usishtuke kioo kikiwa cheupe kabisa kama kimeharibika. Panda hadi 2000, kisha 3000, kila mara unabadili mwelekeo ili uone mikwaruzo ya msasa uliopita imekwisha. Malizia kwa polishi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaacha, pulizia varnish angavu yenye kinga ya jua. Bila hiyo miezi michache tu utarudi ulikotoka. Dawa ya meno wanayopaka vijana wa kuosha magari inang'arisha kweli, ila haina kinga yoyote, ni vipodozi.

Kama ukungu upo kwa ndani, au unaona matone ya maji, sugua usugue nje huambulii kitu. Tafuta pale mpira wa nyuma ulipochanika au gundi ya kioo ilipoachia.

Hatua ya pili: pima volti kwenye plagi ya globu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo mafundi wengi wanairuka kwa sababu haina kitu cha kuuza.

Washa injini, washa taa. Weka mita kwenye betri: kama alteneta ni nzima utasoma kati ya 13.8 na 14.4. Sasa nenda nyuma ya taa. Bila kuchomoa plagi, gusisha ncha za mita kwenye vyuma vya globu, upande wa dimu na upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), ukisoma globu ikiwa inawaka. Ukichomoa plagi na kupima, utapata namba nzuri ya uongo, maana hakuna mzigo.

Gari langu lilisoma 14.1 kwenye betri na 12.2 kwenye globu ya kushoto. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye swichi iliyochoka, kwenye waya mwembamba, na zaidi kwenye boliti moja ya ethi iliyokuwa na kutu nyuma ya taa. Nikaifungua, nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikaifunga. Ikapanda hadi 13.1. Sikubadili globu yoyote.

Kwa nini hizo desimali ni muhimu? Mwanga wa halojeni haupungui sawa na umeme unavyopungua, unaporomoka. Volti zikishuka asilimia 10, mwanga unaotoka unapungua kama asilimia 30. Kile kibatari nilichokuwa nakilalamikia kilikuwa globu nzima iliyonyimwa chakula. Ikizidi nayo ni tatizo: volti zikiwa juu kwa asilimia 5 tu, uhai wa globu unakatwa karibu nusu. Kwa hiyo kama globu zako zinaungua kila baada ya miezi miwili, usimtukane mwenye duka kabla hujapima alteneta.

Tofauti kati ya betri na globu ikiwa chini ya nusu volti, endelea. Ikiwa juu ya hapo na ethi umeshasafisha, mwambie fundi umeme akufungie rilei (swichi zinazoamrishwa kwa umeme) mbili, ya fuli na ya dimu, zikichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, waya mnene. Swichi ya zamani itabaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Hiyo ndiyo “apgredi” yenye faida kubwa kuliko zote kwenye magari ya zamani, na usiku mtu haioni.

Hatua ya tatu: jua gari lako linatumia globu gani

Usiende na jina la gari peke yake. IST, Vitz na nyingi za daraja hilo zinatumia H4, lakini kuna zilizotoka Japani zikiwa na zenoni kwa sababu mwenyewe wa kwanza aliagiza hivyo. Chomoa globu, soma kwenye kitako chake cha chuma au plastiki: H4, H7, H11, HB3, D2R, D4S. Kama ni herufi D, simama hapo. Zenoni inapoanza kuwaka inapigwa volti zaidi ya 20,000 na balasti, kile kisanduku chake cha umeme. Usipeleke vidole kule taa zikiwa zimewashwa, na usibadilishe D2 kwa D4 hata kama vinafanana kwa macho. Umeme wake hauko sawa.

Hatua ya nne: kuchagua

Halojeni ya kawaida, ya kampuni inayojulikana, wati ule ule. Kwa watu wengi wa mjini, wanaokwenda Posta na kurudi Tabata chini ya taa za barabarani, hii inatosha ukishamaliza hatua mbili za kwanza.

Halojeni “zilizoongezwa”, zile zinazoandikwa asilimia 100 au 130 zaidi, kama Osram Night Breaker au Philips X-tremeVision. Asilimia ile si jumla ya mwanga. Jumla imebanwa na kanuni zile zile. Filamenti imefanywa fupi na kukaa kwa usahihi zaidi, kwa hiyo kiakisi (lile bakuli la rangi ya fedha ndani ya taa) kinaurusha mwanga mwingi mbali, pale mita 50 na zaidi mbele yako. Kwa kasi ya 80 unakata mita 22 kila sekunde, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Gharama yake ni uhai mfupi. Mimi ndizo ninazotumia, kwa sababu ya safari za Morogoro. Za bandia zipo tele. Tafuta duara lenye herufi E na namba iliyochapwa kwenye kitako chenyewe (E1 ni Ujerumani, E43 ni Japani), na ogopa boksi lililochapwa kwa wino unaofifia.

Wati 100/90: hapana. Dimu peke yake kila upande itavuta ampea 7.5 badala ya 4.6. Nimeona plagi ya H4 iliyoyeyuka ikawa kama ubuyu, na kiakisi kilichobabuka rangi ya fedha juu ya globu. Kiakisi kikishababuka, umenunua taa nzima.

LED. Najua ndiyo ulikuwa unaisubiri. Sizikatai, ila elewa kwanza kinachotokea ndani ya taa. H4 ina filamenti mbili. Ile ya dimu ina kikombe kidogo cha chuma chini yake, kama kijiko kilichopinda. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kiakisi, maana mwanga ukipiga pale unaruka juu, machoni mwa watu. Kiakisi kizima kimechorwa kwa kukadiria kwamba mwanga unatoka kwenye kijiti chembamba cha milimita chache, mahali pamoja. LED nzuri inajitahidi kuiga hapo: chipu nyembamba, kikombe chake, urefu ule ule. LED ya bei rahisi ina chipu nene zilizokaa popote, na ukiiwasha unapata mwanga mwingi sana mita kumi mbele ya bampa. Macho yako yanazoea mwanga ule wa karibu, na kule mbali panakuwa giza zaidi kuliko mwanzo. Dereva anaamini anaona. Kwenye Kilwa Road ya Mbagala, na bodaboda zisizo na taa ya nyuma, imani hiyo ni ya hatari.

Kama taa yako ni ya projekta (yenye lenzi ya duara mbele ya globu), LED ina nafasi nzuri zaidi. Kama ni ya kiakisi, jaribu ukutani kabla ya kulipa, na chipu zielekee kushoto na kulia, zisielekee juu na chini. Boksi likisema lumeni 20,000, piga hesabu: LED za sokoni zilizo nzuri hutoa kama lumeni 100 kwa wati. Wati 30 haziwezi kuzaa 20,000 hata zikeshe. Na kabla hujaondoka dukani washa redio. LED mbovu inaanza kukwaruza stesheni mara tu inapowaka.

Zenoni za kubandika kwenye taa iliyotengenezewa halojeni sizijadili. Wote tumeshakutana nazo Morogoro Road, na wote tumeshapofuka.

Hatua ya tano: kufunga

Zima taa, acha zipoe. Halojeni iliyotoka kuwaka inababua. Chomoa plagi kwa kuvuta plastiki yake, usivute waya. Bandua mpira wa nyuma, sukuma klipu ya waya ndani kidogo kisha pembeni, itaachia. Kumbuka ilivyokaa, ipige picha na simu kama huna uhakika, kwa sababu klipu hii imewatoa watu jasho.

Globu mpya ishike kwenye kitako. Kioo usikiguse. Mafuta ya kidole yakibaki pale, yanaungua na kufanya doa la moto, na kioo kinapasuka au kuvimba. Ukishagusa, futa kwa spiriti na kitambaa safi, usiseme “si kitu”. H4 ina vipele vitatu kwenye kitako na inaingia namna moja tu. Kama inakataa, unaikosea, usiilazimishe. Rudisha klipu, kisha mpira, ukihakikisha mdomo wake umekaa pande zote. Mpira uliokaa vibaya ndio unaoingiza maji ya masika.

Badili zote mbili siku moja. Iliyobaki nzima itupe kwenye buti pamoja na bisibisi, itakuokoa siku nyingine.

Hatua ya sita: ukuta

Globu mpya bila kupangwa ni nusu ya kazi. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta mbele yake; sheli nyingi zina kona ya namna hiyo ukiomba kwa adabu. Tairi ziwe na upepo wake, mtu akae kiti cha dereva, kile kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi kiwe sifuri.

Sogeza gari likaribie kugusa ukuta, weka alama ya chaki pale kilipo kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 5 kwa kamba. Washa dimu, funika taa moja kwa khanga kwa dakika moja mbili tu, isije ikaungua. Utaona mstari: chini mwanga, juu giza. Mstari huo unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya alama yako, na upande wa kushoto unapanda kama ngazi au mteremko. Kule ndiko kuna ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na vibao. Japani nao wanaendesha kushoto, kwa hiyo magari yao yanakuja yamepangwa sawa na sisi. Gari lililotoka nchi za kuendesha kulia mteremko wake unapanda kulia, yaani moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja, na hapo hakuna skrubu itakayokuokoa. Ni kubadili taa.

Skrubu za kupanga zipo nyuma ya taa, kigurudumu cha meno kinachozungushwa na bisibisi ya nyota. Moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka pembeni. Zungusha robo robo, angalia ukuta, zungusha tena.

Ukimaliza ukuta, toka usiku mahali pasipo na taa za barabarani. Mimi huvuka Kigamboni, nikishapita Kibada giza ni la kutosha. Endesha kwa dimu, na uwatazame wanaokuja. Wa kwanza akikupigia fuli huenda ana hasira zake. Wa pili na wa tatu wakipiga, geuza gari, rudi ukutani na bisibisi yako.